Kuhama Kota

Barua ilisema siku tisini.
Kota namba kumi na nne irudishwe ikiwa safi,
vioo vyote, funguo zote mbili,
na mimi, Mihambo Kasonso, mshika bendera na taa, mstaafu,
nikajitafutie Tabora yangu.

Miaka thelathini na mmoja sikuwahi kuchagua.
Shirika lilichagua ukuta, likachagua rangi ya ukuta,
likachagua hata jirani: leo fundi wa mabogi, kesho karani wa tiketi.
Sasa nina kiinua mgongo na daftari la kurasa arobaini,
nimelipiga mistari kwa rula:
kodi, maji, umeme, umbali hadi Kitete,
maana goti la kushoto lina miadi kila mwezi.

Nyanzala hakuliangalia daftari.
Alijifunga khanga ya pili, akachukua kikombe cha bati,
akasema, "Twende. Mimi naomba chumvi."
"Chumvi tunayo."
"Najua tunayo."

Cheyo, barabara zimenyooka
kama zilichorwa na mtu asiye na haraka.
Mbwa alibweka kwanza, ndipo mlinzi akauliza
kwenye tundu la geti: mna miadi?
Miadi ya chumvi!
Nilicheka hadi kona ya pili. Mwenzangu hakucheka.

Ipuli, nyumba mpya, bati bado linaumiza macho,
matofali yamerundikwa yakingoja mshahara ujao.
Binti alitoka na simu sikioni, akanyoosha kidole:
duka lile pale, bibi, mia mbili tu.
Hakukosea. Duka lilikuwa pale.
Niliandika: maji yapo, kimya kipo, alama nane.

Kanyenye tulipewa chumvi, tena ya kujaa,
lakini juu yake tuliwekewa maswali:
wa ukoo gani, wazazi mliwazika wapi,
na wajukuu mbona hatuwaoni?
Kikombe kilikuwa chepesi.
Maswali tuliyabeba kwa zamu.

Sizya dalali, ambaye ujira wake ni kodi ya mwezi mmoja,
akaanza kutazama saa.
"Watu mliokula chumvi nyingi namna hii," alisema,
"bado mnazunguka mji mzima kuitafuta?"

Isevya, jua limeshanibandika shati mgongoni,
mwanamke mmoja alikuwa barazani anachambua mchele.
"Hata mimi imeniishia tangu jana," akasema.
Akaweka ungo chini, akavaa ndala,
moja ya bluu, moja ya kijani.
"Twende kwa Mama Kalunde.
Nilikuwa naona aibu kwenda peke yangu."

Wakaondoka wawili,
nikabaki na dalali, na ungo,
na kuku aliyejua la kufanya na ungo.
Walikaa nusu saa.
Nilisikia vicheko nyuma ya ua wa mabua
nikajua daftari limeshindwa.

Nyumba yenyewe sikuipa alama.
Choo kiko nje, dirisha la sebuleni linatazama ukuta,
maji ni Jumanne na Ijumaa, yakikumbuka,
na mvua ya kwanza ilijipatia njia darini
ikatua moja kwa moja kwenye hesabu zangu.
Wino wa kodi umeingia safu ya maji.
Sizya alishapokea chake, hapokei simu.

Halafu kuna hili ambalo sikulipigia mstari:
saa nane usiku treni ya Mwanza inapiga honi,
na kutoka hapa inasikika
kama mtu anayemwita mtu mwingine
mwenye jina langu.
Naketi kitandani. Mguu unatafuta kiatu,
mkono unatafuta taa, ile ya kijani,
kwenye msumari uliobaki kota.

Nyanzala hafumbui macho.
"Lala," anasema. "Hiyo si zamu yako."